Bi Nyundo na Tangi la Baba

Mlioshika pumzi tangu toleo lililopita, zishusheni taratibu. Mtazihitaji tena kabla ya kufika mwisho wa safu hii.

Tulipoachana, Bi Nyundo alikuwa kilimani, chini ya tangi jipya la maji, nyundo yake ya ukaguzi mkononi. Alikuwa ameugonga ukuta wa upande wa mashariki, nao ukamjibu kwa sauti ya debe tupu. Akauliza ni nani aliyemwaga zege la upande ule. Msimamizi wa vibarua hakutaja jina. Alinyoosha kidole tu kuelekea juu, ambako mzee mmoja alikuwa akishuka ngazi polepole, mgongo umewaelekea.

Mzee alipokanyaga chini, akageuka.

Alikuwa baba yake.

Hata kama gazeti hili umelinunua leo kwa mara ya kwanza, tena kwa ajili ya kufungia sabuni, hujachelewa. Bi Nyundo ni mhandisi wa serikali. Kazi yake ni kukagua miradi ya maji ya kunywa inayojengwa kwa fedha za wananchi, na bila saini yake tangi halijazwi. Jina hilo alipewa na vibarua, kwa sababu haamini maneno ya mtu mpaka agonge mwenyewe.

Na baba yake ni Mzee Timazi, fundi ujenzi ambaye kuta zake zilinyooka mpaka watu wakampa jina la kile kidude cha kamba na risasi ambacho mafundi hupimia wima. Kila alipompigia simu binti yake alimwambia kwamba amestaafu, kwamba siku hizi anashinda nyumbani na mama, anamsaidia kazi ndogo ndogo. Sasa alikuwa amesimama mbele yake, saruji imemkaukia kwenye nyusi.

Bi Nyundo alifungua mdomo. Neno "baba" lilikuwa limeshafika kwenye meno. Akamwona mzee anatikisa kichwa, kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi.

"Shikamoo, fundi," akasema.

"Marahaba, mkaguzi."

Ndivyo walivyosalimiana baba na mwana, mbele ya kundi la vibarua, kama watu waliokutana kwenye foleni ya posta. Mkandarasi, bwana mmoja mnene mwenye sauti laini ya kubembelezea watoto, aliwatazama kwa zamu. Alitabasamu tu, akauliza kama mkaguzi atahitaji maji ya kunywa.

Sheria ya kazi yake Bi Nyundo aliijua kama anavyojua kiganja chake. Mkaguzi akikuta ndugu yake kwenye mradi, anasema papo hapo na kuondoka, anakuja mwingine. Angesema pale pale, mambo yangekwenda njia nyingine. Lakini alijiambia, wacha kwanza nipate ushahidi, nitasema nikishamaliza. Ni uongo mdogo, wa dakika chache, aliojidanganya mwenyewe.

Akaagiza mashine ya kutobolea. Zege zuri likitobolewa hutoka kipande kizima, laini, mviringo kama mchi. Walipotoboa sehemu ya chini ya ukuta, kilitoka hivyo hivyo. Walipopanda mpaka katikati na kutoboa tena, kipande hakikufika hata nje. Kilimomonyoka kama mkate wa juzi. Bi Nyundo alikusanya vipande vilivyobaki, akavifunga kwenye kitambaa, akashuka ngazi bila kumtazama mtu.

Nyuma yake alisikia mtu anakohoa. Alikijua kikohozi kile tangu utotoni. Hakugeuka.

*

Nyumba ya wazazi wake iko bondeni, chini ya tangi lile lile. Ukisimama mlangoni na kuinua macho, unaliona limekukalia utosini.

Alimkuta mama yake uani, amekaa kwenye kigoda kando ya bomba jipya. Bomba lenyewe lilikuwa bado kavu. Mama alikuwa akilipangusa kwa kanga, kama mtu anayempangusa mtoto uso. Tangu alipoletwa katika nyumba ile kama bibi harusi, maji aliyafuata kwenye chemchemi ya mbali, kichwani, mimba tumboni au mtoto mgongoni. Nyonga zake zilikwisha. Sasa alitembea kwa kushika kuta.

"Wamesema keshokutwa ni sherehe, kesho wanajaza," mama akasema, uso umenawiri. "Baba yako kaniapia maji ya kwanza nitakunywa mimi."

Hapo ndipo Bi Nyundo alipoelewa. Mzee hakufuata ujira kule kilimani. Alitaka maji yamfikie mkewe yakiwa yamepita mikononi mwake. Na alijua fika kwamba binti yake akisikia, ama atamtoa baba kwenye kazi ama atajitoa yeye. Kwa hiyo alificha, kama vijana wanavyoficha mapenzi.

Mzee aliporudi kutoka kazini, hakuingia ndani. Alizunguka nyuma ya nyumba, akakaa kwenye tofali. Bi Nyundo akamfuata. Hapo, kwa sauti ya chini ili mama asisikie, baba alimweleza yote.

Siku ya kumwaga mkanda wa zege wa katikati ya ukuta, saruji iliisha kazi ikiwa nusu. Mzee alitaka wasimame. Mkandarasi, kwa sauti yake ile ya kubembeleza, aliagiza waendelee na kile kidogo kilichobaki, waongeze mchanga na maji, plasta itafunika. Mzee akakataa, akaanza kushuka. Mkandarasi akamwambia ashuke salama, maana kuna mtu mwingine anayesubiri kupanda, na huyo hata mchanga hatachekecha. Mzee akasimama katikati ya ngazi. Akapanda tena. Lile zege dhaifu alilishindilia kwa mikono yake mwenyewe mpaka viganja vikachubuka, akijiambia kwamba pengine litashika.

"Lilishika, baba?"

"Umeligonga wewe. Umelisikia."

Uani mama alisikika akiimba kwa kunong'ona, wimbo wake wa kufulia nguo.

Kisha mzee akasema jambo ambalo Bi Nyundo hakuwahi kutegemea kulisikia kwake. Aliomba. Alisema chini ya ule mkanda zege ni zuri, hilo anaweza kuapa. Wajaze mpaka nusu tu, maji yaishie chini ya pale pabovu. Mabomba ya bondeni yatatoka vizuri. Mama atakunywa. Baada ya hapo binti yake aandike lolote, hata kama ni jela, yeye atakwenda kwa miguu yake.

"Na nani atawazuia wasijaze lote?" Bi Nyundo akauliza. "Wewe, uliyeshindwa kuwazuia wasimwage?"

Maneno yalipomtoka alitamani kuyadaka hewani. Mzee Timazi alitazama viganja vyake, akavigeuza, akavifuta kwenye suruali ingawa havikuwa na kitu.

Wimbo wa uani ulikuwa umekoma. Dirisha la nyuma lilikuwa wazi, na mama alikuwa amesimama pale, amejishikiza kwenye fremu kwa mikono miwili. Alikuwa amesikia kila kitu.

"Mimi kubeba maji nimezoea, mwanangu," akasema. "Ukiniambia nianze tena kesho, nitaanza. Lakini baba yako, kwa umri huu, hawezi kubeba aibu. Mwachie."

Bi Nyundo alikuja akitegemea kwamba angalau mama atasimama upande wake. Mama ndiye aliyempeleka shule, mama ndiye aliyemfundisha kwamba uongo unanuka. Na mama ndiye aliyekuwa akimwomba sasa, macho yamejaa, asiseme ukweli.

Hakumwahidi kitu. Aliaga kwa adabu, akatoka. Hata chakula alichowekewa hakukigusa. Njiani alipita mbele ya kibanda cha kinyozi, jirani mcheshi ambaye hakosi neno, naye kinyozi akamwuliza kwa sauti kama binti wa mzee amekuja kuwafungulia maji. Alimjibu kwa mkono tu.

Lililomponyoka ni kwamba mtu wa mkandarasi alikuwa amekaa kwenye kiti cha kinyozi, povu shavuni. Na neno "binti wa mzee" lilimwingia barabara.

*

Asubuhi walikutana kwenye ofisi ya mradi, kontena kuukuu lililotobolewa madirisha. Mkurugenzi, mkuu wake wa kazi, alikuwa ameshafika kutoka makao makuu kwa ajili ya sherehe. Ni bwana aliyezeekea kazini, mchapakazi, asiyependa kupotezewa muda. Bi Nyundo alimheshimu. Ndiye aliyemfundisha kazi.

Akafungua kitambaa, akamwaga vile vipande mezani. Alieleza kwa ufupi: mkanda wa katikati ni mbovu, maji yakifika pale ukuta hautahimili, na chini yake kuna nyumba za watu. Tangi lisijazwe. Mkurugenzi alichukua kipande kimoja, akakibana kwa vidole viwili. Kikawa vumbi. Uso wake ukabadilika.

Kwa muda mfupi, wasomaji wangu, kazi ilikuwa imekwisha. Mkono wa Mkurugenzi ulikuwa ukitafuta kalamu ya kusimamisha mradi.

Ndipo mkandarasi alipoomba kuuliza swali moja dogo. Alitaka kujua mkaguzi ana uhusiano gani na fundi aliyeumwaga ukuta huo.

Kabla Bi Nyundo hajajibu, Mkurugenzi alikuwa ameshaagiza fundi aitwe. Mzee Timazi akaingia, kofia mkononi, akasimama karibu na mlango kama mtu aliyekuja kuomba kibarua.

Mkurugenzi alimwuliza kwa heshima kama huyu mkaguzi ni binti yake.

Mzee hakumtazama Bi Nyundo. Alimtazama Mkurugenzi machoni.

"Mimi sina binti," akasema. "Nilikuwa naye. Alikwenda kusoma, hakurudi. Huyu ni mkaguzi wa serikali, na alichowaambia ni kweli. Ukuta niliumwaga mimi, ni mbovu, na nilijua. Nifungeni."

Sauti haikumtetemeka. Kuta zake zilikuwa hivyo na maneno yake yalikuwa hivyo, yamenyooka. Lakini Bi Nyundo, aliyemjua, aliona kofia inavyokunjwa na kukunjuliwa kwenye vile vidole. Na lile neno, kwamba alikwenda kusoma hakurudi, lilimkata maini, kwa sababu ndani ya uongo ule kulikuwa na tone la ukweli. Alikuwa akija mara moja kwa mwaka, zawadi mkononi, jicho kwenye saa.

Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Baba alikuwa amemwandalia kila kitu. Anyamaze, ripoti isimame, tangi lisijazwe, mzee aende jela, watu wa bondeni wapone.

Mpaka leo hajui kilichomfungua mdomo. Pengine ni kiapo cha kazi. Pengine aliona kwamba mkandarasi anao mashahidi mlangoni na uongo usingefika mchana. Au pengine ni moyo tu wa mtoto ambao haukuweza kuvumilia kumsikia baba yake akimkana mbele ya watu.

"Ni baba yangu," akasema. "Mzazi wangu. Nilitakiwa kusema jana."

Mzee Timazi alifumba macho.

Mkurugenzi aliweka kalamu chini. Alizungumza kwa uchungu wa mtu aliyedanganywa na aliyemwamini. Binti kaficha, baba kakana, na kila mmoja anamlinda mwenzake huku wao waliokaa pale wanaonekana mbuzi. Sasa amwamini nani? Atajuaje kama vile vipande vimetoka kwenye ukuta na si kwenye jalala? Atajuaje kama baba na binti hawakupanga kumtisha mkandarasi ili wamkamue? Ripoti akaitupa pembeni. Bi Nyundo alisimamishwa kazi tangu saa ile, na kwa kuwa ukaguzi wa awali, kabla yake, ulishaupitisha mradi, Mkurugenzi angetia saini mwenyewe na ratiba ingeendelea kama ilivyopangwa.

Mkandarasi hakucheka. Alimfungulia mlango kwa adabu zote, akamwomba aangalie kizingiti asijikwae.

Nje, jua lilikuwa kali. Baba na binti walisimama kwenye kokoto bila kugusana. Mzee aliivaa kofia yake, akaiweka sawa, na ndipo alipomtazama kwa mara ya kwanza tangu jana. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Nilikukana ili watu wapone," akasema. "Wewe umenikubali, na sasa wanajaza."

Akaondoka. Kutoka upande wa mtoni pampu ilianza kunguruma.

*

Bi Nyundo alikimbilia kwanza kwenye pampu. Mlinzi alikuwa ameshapigiwa simu. Alimwita dada kwa upole, akamwambia anaomba radhi, akakataa kufungua geti. Bi Nyundo akarudi bondeni, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Alibisha, akaeleza, akasihi. Watu wahame upande wa pili wa barabara, kwa leo tu, mpaka tangi likaguliwe upya.

Wapi. Habari za kusimamishwa kwake zilimtangulia kila mlango. Wengine walimwonea huruma, wakamwambia apumzike. Wengine walimwuliza ni mtu gani mwenye roho ya kuwazuia maji watu wa kwao. Uani kwa kila mtu ndoo zilikuwa zimepangwa tayari, na vijana walikuwa wanatania kwamba leo hata wale maadui wa kuoga hawana pa kujificha. Kinyozi ndiye aliyewachekesha zaidi. Alisema miaka yote amewanyoa watu kwa maji ya kikombe kimoja, leo atamnyoa mtu na kumwogesha bure.

Walicheka. Bi Nyundo aliwatazama, mmoja mmoja, akaona kwamba hajawahi kuwaona na furaha kama ile.

Alipofika kwa mama yake, bomba lilikuwa linakohoa.

Lilitoa hewa. Likatoa maji ya rangi ya kutu, likasita, likakohoa tena. Kisha yakaja maji meupe, mazuri, yenye nguvu. Mama hakupiga vigelegele kama majirani. Alikinga mikono miwili, akayaangalia yakijaa na kumwagika, akakinga tena. Alinawa uso. Akanywa. Halafu akakaa na mikono yake chini ya bomba, hafanyi lolote, anaacha tu yapite kwenye vidole, huku machozi yanamtiririka na yeye hajui kama ni machozi au ni maji.

"Baba yako yuko wapi?" akauliza. "Mwite aje aone."

Bi Nyundo alipiga magoti kwenye tope lililoanza kufanyika. Alimwambia mama kwamba yafaa waende kwa mama mdogo, ng'ambo ya barabara, walale huko hata siku mbili. Mama alisikia, lakini alisikia kama mtu aliye mbali. Alisema ataenda. Ila kwanza ampe kidogo. Kidogo tu, akae na maji yake.

Ungefanya nini wewe? Ungembeba kwa nguvu, mwanamke aliyengoja maisha mazima? Bi Nyundo alimwacha akae. Alikwenda kwa majirani wengine, akarudi, akamkuta pale pale. Akaenda tena. Jua lilipita utosini, likaanza kushuka, na pampu haikunyamaza hata mara moja. Kila alipoinua macho kilimani alipiga hesabu ya maji yalipofika, akatamani awe amekosea.

Alasiri, bomba la mama likapungua.

Lilitoka mkondo, likawa uzi, likawa matone. Mama aliligonga kwa kiganja. Nyumba ya pili mtu alipaza sauti kuuliza kama na kwake yamekatika. Kisha mtu akaonyesha kilimani. Maji yalikuwa yanabubujika chini ya tangi na kuporomoka kwenye mteremko, meupe, mengi, yanapotea kwenye majani.

Kule chini ya tangi kuna shimo la zege lenye mfuniko wa chuma, na ndani yake kuna gurudumu la valvu, lile la kumwagia maji nje wakati wa kusafisha. Mtu mmoja tu katika mtaa ule alikuwa na ujuzi wa kulifungua na sababu ya kulifungua. Bi Nyundo alijua baba yake alikuwa wapi tangu asubuhi. Alikuwa amejificha, anangoja walinzi waende kula.

Watu nao walijua. "Ni yule mzee," kinyozi akasema, na safari hii hakutania. "Kakosa kazi, sasa anatukomoa. Anamwaga maji yetu."

Ndoo zikaangushwa. Watu wakaanza kupanda kilima, kwanza wachache, halafu wengi, na wengine walikuwa wameokota mawe.

Bi Nyundo alimshika fundi cherehani wa jirani, mwanamke aliyemfahamu tangu utotoni, akamsihi amvushe mama barabara, hata kwa kumburuta. Hakungoja jibu. Akakimbia.

*

Alifika wakiwa wameshamtoa shimoni. Mzee Timazi alikuwa chini, kofia imepotea, damu kwenye midomo, na viatu vya watu vimemzunguka. Alikuwa akijaribu kusema na hakuna aliyemsikiliza. Kinyozi alikuwa ameshashuka shimoni kwa hasira, na kutoka ndani ilisikika milio ya gurudumu likizungushwa kinyume. Mbubujiko wa maji ukaanza kupungua. Watu wakashangilia.

Bi Nyundo alijipenyeza, akajitupa juu ya baba yake ili wa kumpiga ampige yeye. Kofi moja lilimpata begani. Halafu hakuna lililofuata.

Alipoinua kichwa, aliona kwamba watu hawamtazami tena yeye wala mzee. Wanatazama juu.

Katikati ya ukuta wa mashariki palikuwa na mstari mweusi, wa unyevu, umenyooka kama umechorwa kwa rula. Ulikuwa unarefuka. Kipande cha plasta, kikubwa kama sahani, kikabanduka bila haraka na kuanguka kwenye kokoto. Nyuma yake zege lilikuwa linatoa jasho.

Mtu aliyeshika jiwe aliliachia. Wakaanza kurudi nyuma, kwanza kwa kunyata, kisha mbio, wakiita majina ya watoto wao walioko bondeni. Hakuna aliyekuwa na haja tena ya kuelezwa.

Chini shimoni, mlio wa gurudumu uliendelea. Kinyozi hakuwa ameona kitu. Kelele za maji zilikuwa zimemziba masikio, na kwa bidii zote za mtu anayewapigania watu wake, alikuwa anayafungia maji ndani ya tangi.

Bi Nyundo alimwita mara nyingi. Sauti ilimkauka. Akahisi kitu kinajisogeza chini yake. Baba yake alikuwa anainuka.

Alimshika shati kwa mikono miwili. Alimwambia asiende, kwamba wamempiga, kwamba hadaiwi nao chochote, kwamba mama anamngoja, kwamba ni yeye, mwanawe, anayemwomba.

Mzee Timazi alivitoa vidole vya binti yake kwenye shati, kimoja kimoja, bila nguvu, kama alivyokuwa akimtoa alipokuwa mdogo na hataki baba aende kazini.

"Yule hajui yuko chini ya nini," akasema. "Mimi najua."

Akachechemea mpaka shimoni, akakaa ukingoni, akaingiza miguu. Bi Nyundo alikuwa amemfikia nyuma, mkono wake umebakiza kiasi cha shubiri kuugusa mgongo wa baba yake, pale kichwa chenye mvi kilipozama ndani ya shimo na ukuta wote wa mashariki ukatoa mlio mrefu, na maji yakaanza kutoka mahali ambapo hapakuwa na bomba.